Rauta ya Duka: Ingia Mara ya Kwanza, Funga Milango, Ndipo Uuze

Wa Same mjini, Hedaru, Makanya, na nyie mlioko juu kule Mbaga, Vunta, Mamba na Chome, leo somo ni lenu. Wa mikoa mingine karibuni pia, rauta ni zilezile.

Wengi wetu siku hizi tunauza kwa simu. Picha zinapandishwa asubuhi, oda zinaingia mchana, jioni mzigo unapakiwa kwenye basi la Dar au la Arusha. Biashara ikikua kidogo mtu ananunua rauta ya laini, anaichomeka kwenye umeme, anasoma neno la siri kwenye stika, anaunganisha simu, anaanza kuuza. Rauta inawaka, intaneti ipo, basi imeisha hiyo.

Haijaisha. Hapo umefungua duka, lakini funguo bado ni zile za kiwandani, na funguo za kiwandani zinajulikana. Leo nakupitisha hatua kwa hatua. Mimi nafungia watu rauta na swichi hapa Same, na kazi hii ukiwa umetulia ni ya dakika 30. Save posti hii, kaa na kalamu na daftari.

KWANZA: FUNGUO NI MBILI, SIYO MOJA

Hapa ndipo wengi wanapochanganya.

Ufunguo wa kwanza ni neno la siri la waifai. Hili ndilo unalompa mtu ili simu yake ishike mtandao.

Ufunguo wa pili ni neno la siri la usimamizi. Hili linafungua ukurasa wa ndani wa rauta, pale unapobadilisha kila kitu: jina la waifai, nani aingie, nani atolewe, intaneti ipitie wapi. Mwenye huu ndiye mwenye rauta, hata kama risiti unayo wewe.

Rauta nyingi zimetoka kiwandani na jina la usimamizi "admin" na neno la siri "admin". Mpya mpya nyingi zina neno la siri la peke yake kwenye stika, au zinakulazimisha uweke lako siku ya kwanza. Hiyo ni nafuu, lakini stika iko chini ya rauta, na rauta iko juu ya meza ya duka. Mteja anayesubiri chenji anaweza kuigeuza na kuisoma.

Na wewe unayefanya laivu, angalia nyuma yako! Nimeshaona mtu anaonyesha viatu, na stika ya rauta inasomeka vizuri kabisa pembeni. Watazamaji wote wameiona.

HATA WAKUBWA WANAANZIA HAPA

Usione hili ni jambo la watu wadogo. Kwenye vituo vya data vya mabenki na makampuni ya simu kuna swichi maalumu zinazounganisha kompyuta kubwa na hifadhi ya data. Moja inaweza kuwa na bei ya gari. Lakini nazo siku ya kwanza ziko kama rauta yako. Swichi za Brocade, kwa mfano, kwa miaka mingi zimetoka kiwandani na anwani 10.77.77.77, jina la kuingilia "admin" na neno la siri "password". Kila fundi wa kazi hiyo duniani anazijua.

Kwa hiyo fundi wa kule anafanyaje? Haiunganishi kwanza na mtandao wa kazi. Anachomeka waya maalumu kutoka kwenye kompyuta yake moja kwa moja hadi kwenye swichi, anaingia, swichi yenyewe inamtaka abadilishe maneno ya siri, anabadilisha, anaweka anwani mpya na jina, anatunza nakala ya mipangilio. Baada ya hapo ndipo inaingia kazini.

Mpangilio huo ndio ninaokupa leo: ingia, badilisha funguo, panga, tunza nakala, ndipo ufungue biashara.

Waliopuuza wameona. Mwaka 2016 kulikuwa na programu hasidi iliyoitwa Mirai. Haikuwa na maajabu. Ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu takriban jozi 60 za majina na maneno ya siri ya kiwandani kwenye kamera na rauta za watu. Ikipata inayofunguka, inaifanya mtumwa wake. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi wakashindwa kufungua Twitter, Netflix na mitandao mingine mikubwa. Wenye kamera na rauta hizo wengi wao hawakujua lolote.

HATUA YA 1: MAANDALIZI

Rauta ikiwa imezimwa, weka laini. Hakikisha laini hiyo imesajiliwa kwa jina lako wewe, siyo la aliyekuuzia rauta wala la kijana wa dukani. Ukitaka kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Geuza rauta, nakili kwenye daftari yaliyoko kwenye stika: jina la waifai, ambalo mara nyingi limeandikwa "SSID", neno la siri la waifai, anwani ya kuingilia, na jina na neno la siri la usimamizi.

Tumia adapta iliyokuja na rauta. Ikiwa imeharibika, nunua yenye volti zilezile zilizoandikwa kwenye rauta, na ampea zisizopungua zile. Tundu kuingia haimaanishi umeme unalingana.

HATUA YA 2: UNGANISHA, KISHA ZIMA DATA YA SIMU

Washa rauta, subiri taa zitulie, unganisha simu yako kwenye waifai yake.

Sasa zima data ya simu. Hatua hii wengi wanairuka, halafu wanasema rauta ni mbovu. Simu janja ikiona waifai haina intaneti bado, inahamia kwenye data yake kimyakimya. Unaandika anwani ya rauta, simu inaitafuta huko nje, haiipati. Zima data, na simu ikikuuliza kama ubaki kwenye waifai isiyo na intaneti, kubali.

HATUA YA 3: INGIA

Fungua kivinjari, kile unachotumia kusoma habari. Kwenye sehemu ya juu ya kuandika anwani andika ile namba ya kwenye stika. Mara nyingi ni 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.8.1. Andika namba tupu, nukta mahali pake. Ukiona orodha ya majibu ya utafutaji, ujue umekosea kuandika.

Stika imefutika? Kwenye simu nenda kwenye mipangilio ya waifai, gusa jina la mtandao uliounganishwa, tafuta neno "Gateway" au "Router". Namba iliyo mbele yake ndiyo mlango.

Simu inaweza kukuonya kwamba ukurasa huu si salama. Kwa ukurasa wa ndani wa rauta yako, ukiwa umesimama nayo hapo mezani, onyo hilo ni la kawaida. Lakini onyo kama hilo likitokea kwenye ukurasa wa benki, wa barua pepe au wa mtandao unaouzia, simama hapohapo. Usibonyeze kuendelea. Nitalirudia hili mbele.

HATUA YA 4: BADILISHA KWANZA UFUNGUO WA USIMAMIZI

Kabla ya jina la waifai, kabla ya urembo wowote, badilisha neno la siri la usimamizi. Liko kwenye sehemu iliyoandikwa "System", "Administration" au "Account".

Usiweke jina la duka. Usiweke namba yako ya simu, iko kwenye kila posti yako. Usiweke "same2025". Chukua maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana na weka namba katikati, kitu cha mtindo wa ndizi-kengele-47-pazia-mwiko. Hili nililoandika usilitumie, limeshasomwa na watu. Refu kama hilo ni gumu kubahatisha, na wewe unalikumbuka.

Andika kwenye daftari la nyumbani, siyo lile la madeni linalokaa juu ya kaunta.

HATUA YA 5: SASA WAIFAI

Badilisha jina la waifai. Usiache lile la kiwandani, kwa sababu linataja aina ya rauta, na mtu akijua aina amejua pa kuanzia. Kwenye usalama chagua WPA2, au WPA3 kama simu zako zote zinaikubali. Ukiona "WEP" au "Open", kataa. Zima pia "WPS", ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi.

Ukihifadhi, simu itakatika. Usishtuke. Jina limebadilika, kwa hiyo simu haiutambui mtandao tena. Futa ule wa zamani kwenye simu, unganisha upya kwa jina na neno jipya.

HATUA YA 6: WAGENI WAKAE SEBULENI

Tafuta palipoandikwa "Guest Network". Huu ni mtandao wa wageni. Uwashe, upe jina lake na neno lake la siri. Mteja akiomba waifai, mpe huu. Fundi, jirani, mtoto wa dada aliyekuja likizo, wote huu.

Mtandao wako mkuu ubaki kwa simu ya oda, kompyuta ya duka na kamera tu. Rauta nyingi zinakuruhusu kuwazuia wageni wasivione vifaa vya mtandao mkuu, na nyingine zinakuruhusu kuwawekea kikomo cha bando. Weka vyote. Neno la wageni libadilishe kila mwezi, hakuna atakayelalamika.

Kama huna rauta na unatumia hotspoti ya simu, kanuni ni ileile. Weka neno refu, na ukimaliza zima.

HATUA YA 7: MLANGO WA NYUMA NA SASISHO

Tafuta "Remote Management". Hii inaruhusu mtu aingie kwenye ukurasa wa rauta akiwa nje, kupitia intaneti. Wewe huihitaji. Zima.

Kisha angalia kama kuna sasisho la programu ya rauta, liko sehemu ya "Update" au "Firmware". Likiwepo, liweke, lakini siku ambayo umeme umetulia. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, rauta inaweza isiwake tena. Huku kwetu mvua ikianza kupiga milimani, ahirisha mpaka kesho.

HATUA YA 8: TUNZA NAKALA, KISHA JIPIME

Kwenye "Backup" pakua faili la mipangilio, liweke kwenye kompyuta au sehemu salama. Siku rauta ikifutika, unarudisha kila kitu kwa dakika mbili.

Halafu jipime. Toka kabisa, jaribu kuingia kwa neno la zamani. Likikubali, hukuhifadhi, rudi hatua ya 4. Likikataa, zima rauta, washa tena, ingia kwa neno jipya. Ikikubali na mipangilio yote ipo, hapo ndipo kazi imekwisha.

KWA WALIOKO MILIMANI

Upare una shida yake. Mtu wa Same mjini yuko tambarare kando ya barabara kuu. Wewe wa juu uko nyuma ya mgongo wa mlima, na mlima haupitishi mawimbi. Nyumba mbili za jirani, moja inashika vizuri na nyingine haishiki kabisa.

Ukishaweza kuingia kwenye ukurasa wa rauta, una kipimo kizuri kuliko vile vijiti vya kwenye simu. Tafuta "RSRP" kwenye sehemu ya hali ya mtandao. Ni namba yenye alama ya kutoa, kwa mfano -95. Ikisogea karibu na sifuri ni nzuri. Karibu na -80 ni mtandao mzuri sana, ikifika -110 na kuendelea utateseka kupandisha hata picha moja.

Beba rauta na waya wa umeme wa kurefusha, izungushe nyumba: dirisha la mashariki, la magharibi, ghorofani kama ipo. Kila mahali subiri dakika moja, andika namba. Iache pale ilipo bora. Mara nyingi utakuta hatua tatu tu zimebadilisha kila kitu, na hujalipa hata shilingi.

KWANINI NASISITIZA HIVI

Kuna dada mmoja hapa Same, jina lake nalihifadhi, anauza vitenge na viatu mtandaoni. Alinunua rauta ya mkononi, imeshatumika. Muuzaji alimwekea kila kitu, akamwambia "we tumia tu".

Dalili ya kwanza ilikuwa bando la mwezi kuisha ndani ya siku chache. Akaongeza. Likaisha. Ya pili, siku moja akifungua ukurasa wake wa biashara kwenye kivinjari, simu ikamwonya kwamba ukurasa si salama. Alikuwa na oda zinamsubiri na basi linakaribia, akabonyeza kuendelea, akaandika neno la siri. Asubuhi ukurasa wake ukawa na mwenyewe mwingine. Wateja wawili wakatuma pesa za vitenge kwenye namba isiyo yake.

Tulipoingia kwenye rauta, neno la usimamizi lilikuwa bado "admin". Orodha ya waliounganishwa ilikuwa na vifaa 11, yeye anamiliki vitatu. Na DNS ilikuwa imebadilishwa kwa mkono. DNS ni kama kitabu cha namba za simu cha intaneti: unaandika jina la ukurasa, chenyewe kinatoa namba ya kwenda. Mwenye kukibadilisha kitabu anaweza kukupeleka kwenye ukurasa bandia, na jina umeandika sahihi kabisa.

Hatukuweza kumwonyesha kidole mtu. Inaweza kuwa ni muuzaji, mtu wa kabla yake, au yeyote aliyeunganishwa. Ndiyo ubaya wa funguo za kiwandani, haziachi ushahidi wa mwizi.

Aliripoti polisi, na namba iliyopokea pesa akaituma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini kilichomuumiza zaidi ni wateja. Mmoja wa wale wawili alimrudishia mzigo wake kwa fedha zake mwenyewe ili asimpoteze. Wa pili hajanunua tena.

Na kumbuka, majina, namba na maeneo ya wateja unayoyatunza ni amana. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuzilinda si hisani tena.

RAUTA YA MKONONI: FUTA KWANZA

Kununua iliyotumika siyo dhambi. Lakini usiitumie na mipangilio ya mtu. Kuna kitundu kidogo kimeandikwa "Reset". Rauta ikiwa imewaka, ingiza pini, bonyeza ushikilie kwa sekunde 10 hivi mpaka taa zibadilike. Inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Hapo anza hatua ya 1. Kwenye DNS hakikisha imeandikwa "Automatic" au iko tupu.

Ikigoma kufutika, irudishe. Rauta usiyoweza kuifuta si yako.

Umeme ukikatika wa kawaida haufuti kitu, usihofu. Kinachofuta ni kile kitundu. Kwa hiyo rauta ikae juu, ambapo mtu hawezi kuifikia bila wewe kumwona.

KILA MWEZI, DAKIKA TANO

1. Ingia, angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Usichokijua, kitoe na ubadilishe neno la waifai.
2. Angalia DNS iko vilevile.
3. Badilisha neno la wageni.
4. Msaidizi wa duka akiondoka, hata kama mmeagana vizuri, badilisha maneno yote mawili siku hiyohiyo.
5. Ukibadilisha kitu, pakua nakala mpya ya mipangilio.

Nenda leo jioni ukishafunga hesabu, geuza rauta yako, anza hatua ya 1. Ukikwama, andika kwenye komenti umekwama hatua ya ngapi na skrini imeandika nini. Usiweke picha ya stika! Na kama kuna mwenzako amenunua rauta wiki hii, mtumie posti hii kabla hajaanza kupandisha picha.

Biashara njema.